Nukuu ya Mafuta ya Mbarika

Katika kiwanda cha chapa alichokitumikia miaka thelathini na mmoja, hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Koma. Watu wa ofisini walisema ni kwa sababu hakuwahi kuiachia koma hata moja ikae mahali pasipo pake. Mafundi wa mashine walisema ni kwa sababu kila aliposhuka ngazi na karatasi mkononi, mashine ilibidi ikome. Mwenyewe hakuuliza ipi ni ya kweli. Kazi yake ilikuwa kusahihisha maandishi ya wengine, na msahihishaji akianza kujali watu wanamsema vipi, bora atafute kazi nyingine.

Alipostaafu walimpa mashuka mawili na hotuba, na hotuba yenyewe ilikuwa na makosa matatu. Aliyahesabu akiwa amesimama pale mbele, anatabasamu. Akarudi nyumbani, ghorofa ya tatu, vyumba viwili na jiko. Mumewe alikuwa ameshafariki zamani. Binti yake wa pekee aliishi mji mwingine, safari ya siku mbili, na alipiga simu kila Jumapili kuuliza mambo matatu: presha ikoje, maji yanatoka, mlango unafunga vizuri? Koma alijibu nzuri, yanatoka, unafunga. Binti akasema haya mama, jitunze. Dakika nne zilikuwa bado hazijatimia. Si kwamba binti alikosa mapenzi. Alikuwa na watoto, na kazi, na mambo yake. Lakini tuseme ukweli: kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi mama huyu angeweza kufumba mdomo moja kwa moja, na hakuna ambaye angeona tofauti.

Ndipo akaingia kwenye kamusi.

Kamusi ile iko mtandaoni. Haina jengo, haina mshahara, haina hata mtu wa kumwamkia asubuhi. Huandikwa na watu wa kujitolea waliotawanyika huku na huku, wasiojuana sura, kila mmoja kwa jina alilojibandika. Neno halielezwi maana tu likaachwa. Chini yake huwekwa nukuu, yaani sentensi kutoka kitabu fulani inayoonyesha kwamba watu walilitumia kweli, pamoja na mwaka, jina la kitabu na ukurasa. Nukuu inayosakwa kwa udi na uvumba ni ile ya zamani kuliko zote. Na vitabu vya mwanzo kabisa kuchapwa, vingi havijawahi kupigwa picha wala kuwekwa mtandaoni. Lazima mtu aende akakae navyo.

Koma alikwenda akakaa navyo. Chumba cha vitabu adimu kilikuwa nyuma ya maktaba kuu, ukishapita magazeti: meza nne, madirisha mawili yasiyofunguliwa, na mito ya sponji ya kulazia vitabu ili migongo yake isivunjike. Kalamu za wino marufuku. Mtunza chumba, mwanamume mrefu aliyevaa sweta hata siku za joto, alizipokonya mlangoni kama vile ni visu. Koma alikaa meza ya dirishani kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi, akafungua kompyuta aliyonunuliwa na bintiye, akanakili. Nyumbani mtandao ulikuwa wa kubahatisha, kwa hiyo mambo yote ya kamusi aliyafanya pale pale. Miaka sita. Nukuu elfu nne mia moja na kumi na nane.

Zile mia tatu za mwanzo hakuzifanya peke yake. Wasahihishaji wa zamani walifanya kazi wawili wawili: mmoja anasoma maandishi ya asili kwa sauti na kuitaja kila alama, koma, nukta, herufi kubwa, mwingine anafuata kwa jicho kwenye karatasi iliyochapwa. Koma alikuwa na mwenzake wa meza, mwanamke mnene mwenye sauti nyembamba, na walikuwa wamesomeana hivyo miaka ishirini na sita. Walistaafu mwaka mmoja. Wakawa wanakuja wote kwenye kile chumba, wananong'onezana nukta na koma mpaka mtunza chumba akachoka kuwakataza. Kisha mwenzake akaugua figo, na baada ya miezi mitano akazikwa. Nukuu zao za pamoja zina maneno manne mwishoni: imesomwa na watu wawili. Zilizofuata hazina kitu.

Watu waliomuuliza aliwaambia kazi hii inazuia akili isiote kutu. Hiyo ilikuwa nusu ya jibu. Nusu nyingine ni kwamba alikuwa mpweke, mpweke wa kusikia friji ikizima na kuwaka, na kwenye kamusi angalau mara moja kwa mwezi mtu alimwandikia neno "asante."

Jumamosi moja, tarehe nne, alifungua kompyuta akakuta ameandikiwa zaidi ya asante. Mtu aliyejiita Jicho Kavu, ambaye hajawahi kumsikia, alikuwa amefungua mjadala chini ya neno "mbarika." Huko ndiko watu wa kamusi hugombania, hadharani, kila mtu akisoma, barua za faragha hakuna.

"Ndugu Koma," aliandika, "nukuu yako haimo kitabuni. Ninacho kitabu hichohicho, chapa ya kwanza, mwaka huohuo. Ukurasa wa sitini na mbili hausemi ulivyoandika. Naomba maelezo."

Kitabu chenyewe kilikuwa cha mashauri ya nyumbani, kimechapwa zaidi ya miaka mia moja iliyopita: jinsi ya kuchemsha maji, jinsi ya kufukuza chawa, jinsi ya kumlaza mgonjwa. Kuhusu mbarika, yaani nyonyo, ambayo mafuta yake ni makali na huharisha, Koma alikuwa amenakili hivi: "Mtoto mchanga akivimbiwa, anyweshwe mafuta ya mbarika vijiko vitatu, kisha alazwe." Jicho Kavu alisema chake kinasema: "Mtoto mchanga akivimbiwa, asinyweshwe mafuta ya mbarika, apakwe tumboni, kisha alazwe."

Miaka yote ya kiwandani alikuwa ameonwa mkali, mchoshi, mwenye kiburi cha kalamu nyekundu. Hakuwahi kuonwa mwongo. Akaomba kitabu, akakilaza kwenye mto, akafungua sitini na mbili. Vijiko vitatu vilikuwa pale pale vimetulia. Akajibu kwamba sentensi ipo, ameiangalia sasa hivi, na kwamba ndugu yake avae miwani. Baada ya dakika sita jibu likaja: miwani anayo, anaivaa, na ameisafisha kwa ajili ya shughuli hiyohiyo.

Mhariri wa zamu akaingilia kati. Huyu ni mtu wa kujitolea kama wengine, isipokuwa ana ufunguo wa kufuta na kufunga. Aliandika kwa upole, lakini sheria aliinakili nzima. Miaka ya nyuma mchangiaji mmoja alikuwa ametunga nukuu mamia kutoka kichwani mwake na kuzisingizia vitabu ambavyo hakuna mwingine aliyekuwa navyo, na kamusi ilikaribia kufa kwa aibu. Tangu hapo, anayetuhumiwa kughushi nukuu hupewa siku kumi na nne kuleta ushahidi. Akishindwa, haifutwi ile moja. Hufutwa zote, maana hakuna mwenye muda wa kuzikagua moja moja. Kabla ya saa saba, Jumamosi maktaba inapofungwa, kila nukuu aliyowahi kuiweka Koma ilikuwa na kibandiko cha manjano: inasubiri uthibitisho. Zote elfu nne na ushee. Na zile mia tatu za wawili, nazo.

Jumapili binti alipopiga, presha haikuwa nzuri, lakini Koma alisema nzuri.

Jumatatu akawa wa kwanza mlangoni. Jicho Kavu alikuwa ameshaweka picha ya ukurasa wake, safi, imepigwa kwa mwanga mzuri. Ilisema alivyosema. Koma akaikuza mpaka ikajaa kioo, akaanza kuisoma mstari kwa mstari, sauti chini, koma, nukta, herufi kubwa. Kwenye mstari wa kumi na tisa akasimama. Herufi k ya neno "kitambaa" ilikuwa imevunjika mguu. Akageukia kitabu chake. Mstari wa kumi na tisa, kitambaa, k imevunjika mguu uleule, palepale.

Akaelewa yote kwa mpigo mmoja, kwa sababu alikuwa ameishi humo. Herufi za zamani zilikuwa vipande vya madini ya risasi, vikipangwa kimoja kimoja ndani ya fremu ya chuma, na kipande kilichovunjika hakina pacha. Kurasa hizi mbili zilitoka kwenye fremu moja. Mashine ilikuwa imeanza kuchapa. Karatasi mia, au mia mbili, zikatoka na vijiko vitatu. Kisha mtu mmoja akasoma, nywele zikamsimama, akapiga kelele mashine izimwe. Wakang'oa mstari, wakapanga mwingine, wakabana maneno yaenee kwenye nafasi ileile. Ukitazama picha ya Jicho Kavu, mstari ule umebanana kama watu kwenye benchi la zahanati. Wakaendelea. Na zile karatasi za mwanzo? Karatasi ilikuwa mali. Hakuna aliyezitupa. Zikafungwa pamoja na nyingine, na vitabu vikaenda kwa watu, kila mtu na bahati yake.

Alilijua hilo kwa uchungu. Mwaka wake wa kumi na mbili kazini alikuwa ameshuka ngazi mbio na kitabu cha wanafunzi wa uuguzi, nukta moja ya desimali imeruka, dozi imekuwa mara kumi. Mashine ikasimama. Karatasi mia nane zilikuwa zimeshatoka. Mkuu wa kiwanda alisema, "Rekebisheni, endeleeni. Zilizotoka zimetoka." Yeye na mwenzake wa meza hawakula chakula cha mchana siku ile, na mpaka leo hajui vile vitabu vilikwenda kwa nani.

Basi ushahidi alikuwa nao. Picha mbili ubavu kwa ubavu, mguu uliovunjika, mstari uliobanwa; mtu yeyote mwenye macho angeridhika. Akaomba ruhusa ya kupiga picha. Mtunza chumba akamletea kikaratasi chenye namba ya kitabu na tarehe ya siku, akakigonga muhuri, akakiweka pembeni ya ukurasa, maana bila kikaratasi hicho ndani ya picha hakuna picha inayotoka chumbani mle. Koma akapiga kwa simu, akahamishia kwenye kompyuta. Kilichobaki ni kubonyeza kitufe.

Kabla hajabonyeza, ujumbe mpya ukaingia. Jicho Kavu alikuwa ameandika aya tatu. Alitaka ijulikane kwamba yeye si mgomvi. Kitabu kilikuwa cha babu yake mzaa mama, aliyekuwa msaidizi wa mganga katika hospitali ya wakati huo, na pambizo zake zimejaa maandishi ya babu kwa penseli. Yeye mwenyewe ni mfamasia, ana duka dogo la dawa, na wateja wakipungua hukisoma pale kaunta. Ndiyo maana ile sentensi ilimtia hofu: mtu akiiona kwenye kamusi anaweza kudhani ni dawa. Akamalizia: "Naomba kuuliza, wewe ulianzaje kazi hii? Naona unaweka nukuu kila siku, hata mkesha wa sikukuu."

Koma alisoma swali lile mara nne. Hakumbuki mara ya mwisho mtu kumuuliza alianzaje. Mkono ukaondoka kwenye kitufe ukaenda kwenye herufi. Akamjibu kwamba yeye ni mama mstaafu, aliyekuwa msahihishaji, na kwamba suala la sikukuu halihusiani na mafuta ya mbarika. Halafu, bila kujua kwa nini, akaongeza kwamba nyumbani kuna kimya.

Picha akajiambia ataiweka kesho.

Kesho yake ujumbe ulianza na "Shikamoo mama," maana sasa alijua anaandikiana na mama mtu mzima. Akajibu marahaba. Kuanzia hapo hata akija kumwita mwongo, Jicho Kavu alitanguliza shikamoo. Wakabishana rangi ya karatasi. Wakabishana idadi ya mistari. Jicho Kavu alimuuliza kama ukurasa wa arobaini wake una tundu la mdudu, Koma akasema hauna; akaambiwa basi wadudu wa kwao wana elimu ndogo, na Koma akacheka kwa sauti katika chumba ambacho kicheko hakijawahi kusikika. Mtunza chumba akainua kichwa akauliza kama kitabu cha chawa kimekuwa cha vichekesho. Yeye mfamasia aliandika kati ya mteja na mteja, kwa hiyo majibu yalikuja vipande vipande: kimoja saa nne, kingine saa sita, kingine kabla maktaba haijafunga. Koma akawa anavaa gauni lake la maua, lile la harusini. Akawa anawahi mlango. Ukimwona ungesema anakwenda kazini, na kazi yenye mshahara.

Nisimtetee sana. Alikuwa anafanya jambo baya, na alijua. Kila asubuhi aliifungua ile picha, akaitazama, akaifunga. Wengine kwenye kamusi walikuwa wameanza kumpa kisogo; mtu ambaye miaka mitatu iliyopita alimwandikia asante sasa aliandika kwamba inasikitisha umri mkubwa unapokosa aibu. Vibandiko vya manjano vilikuwa kila mahali. Siku moja alifungua neno walilolifanyia kazi na mwenzake wiki ile ya kwanza, akaona imesomwa na watu wawili, na juu yake inasubiri uthibitisho, akahisi amemfanya marehemu asimame mbele ya watu kujieleza. Akasema leo naiweka. Saa nne Jicho Kavu akaandika kwamba mteja amekuja kuuliza dawa ya mapenzi na yeye amempa ya minyoo. Siku ikapita.

Huo ndio mpango wenyewe, na haukuhitaji akili nyingi: ushahidi ukiwekwa, mjadala unafungwa. Mjadala ukifungwa, mfamasia anarudi kwa wateja wake. Hawa ni watu wa kamusi, hawaandikiani salamu tupu.

Alhamisi ya wiki ya pili Jicho Kavu akaandika tofauti. Alisema ameangalia kazi ya mama, nukuu kama mia mbili hivi, akizilinganisha na vitabu alivyoweza kuvipata, na hajaona kosa hata moja. "Mimi sitaki kazi yako ifutwe," aliandika. "Mtu akinakili miaka sita, jicho linachoka. Sema tu ulikosea siku hiyo. Nitamwomba mhariri aiondoe hiyo moja, zingine zibaki. Mimi mwenyewe nitakusemea."

Koma alishika tama. Kilichomuuma hakikuwa dharau, maana haikuwapo; kilikuwa huruma. Alikuwa anaonewa huruma kama bibi aliyeanza kuchanganya mambo, na aliyemfanya aonekane hivyo ni yeye mwenyewe. Na akikubali, ile sentensi itafutwa. Mahali fulani, zaidi ya miaka mia iliyopita, kuna mama aliyenunua kitabu kama hiki, mtoto wake tumbo limemvimba, akasoma vijiko vitatu. Yule alisoma kilichoandikwa. Kumwambia leo kwamba hakikuandikwa, hapana, hilo Koma hakuliweza, hata kwa ajili ya mtu wa kumwamkia.

Ijumaa hakwenda maktaba. Alifua vilivyofuliwa. Jumamosi, siku ya kumi na nne, akaingia saa tatu kamili kwa gauni la kila siku, akafungua kompyuta, akaandika maelezo ya mistari kumi na mbili bila kupumzika: fremu moja, k iliyovunjika, mstari uliobanwa, mashine iliyosimamishwa, karatasi zisizotupwa. Akaambatanisha picha mbili. Akabonyeza.

Saa tano mhariri wa zamu akajibu. Alisema hajawahi kuona jambo kama hili na kwamba limemfundisha. Nukuu zote mbili zitabaki, moja chini ya nyingine, na maelezo kwamba nakala za chapa ileile hazifanani. Vibandiko vimeondolewa. Anaomba radhi kwa niaba ya wote. Yule wa umri na aibu naye akajitokeza na sentensi ndefu yenye pongezi, ambayo Koma hakuimaliza.

Saa sita na nusu akaja aliyesubiriwa. "Shikamoo mama. Nimekosa, na nimekosa hadharani, basi naomba radhi hadharani. Nimekiweka kitabu cha babu mbele yangu na picha yako, nimeitazama hiyo k mpaka macho yameniuma. Babu angefurahi kukujua."

Koma aliifuta miwani. Akaanza kuandika marahaba. Ujumbe wa pili ukaingia kabla hajamaliza.

"Mama, kikaratasi kilicho pembeni ya ukurasa kimegongwa muhuri wa tarehe sita. Leo ni tarehe kumi na nane. Siku zote hizo ulikuwa nayo. Mbona hukuionyesha?"

Alikuza picha yake mwenyewe. Tarehe sita, wino wa zambarau, kubwa kuliko neno lolote la ukurasani. Alikuwa ameikagua picha ile kila asubuhi kwa siku kumi na mbili, kila herufi, kila nukta, na kikaratasi hakukisoma hata mara moja, kwa sababu hakikuwa sehemu ya kitabu. Miaka thelathini na mmoja ya kuwakamata wengine, na amejiachia hili.

Aliandika kwamba mtandao ulisumbua. Akafuta. Aliandika kwamba alitaka kuhakikisha kwanza. Akafuta hilo pia. Mtu aliyesoma nukuu zake mia mbili asingelimeza. Aliandika samahani peke yake, akaitazama, ikaonekana kama kitu kilichoangushwa njiani. Akaandika la kweli. Akabonyeza.

Kompyuta ikakataa. Mhariri alikuwa ameshaufunga mjadala, kama inavyotakiwa jambo likiisha: maandishi mapya hayapokelewi.

Mtunza chumba alianza kuzunguka meza, akikusanya mito. Akasema kwa upole kwamba mama, imebaki robo saa, na Jumatatu tupo. Koma akamwambia dakika tano tu, mwanangu. Hakuwa amewahi kumwita mwanangu.

Njia ilibaki moja. Kila mchangiaji ana ukurasa wake, na yeyote anaweza kuandika pale, na kila mtu anaweza kusoma: mhariri, yule wa asante, wote. Koma alikuwa ameandika kwenye kurasa za watu mara nyingi, daima kuwaambia wamekosea wapi. Akaufungua ukurasa wa Jicho Kavu. Ulikuwa mtupu; hakuna aliyewahi kuandika kitu. Akaandika:

"Marahaba. Sikuionyesha kwa sababu ningeionyesha ungeacha kuniandikia."

Akaisoma mara moja kutafuta kosa, hakuliona, akaituma.